Gari linalala kwenye kona: nifunge stebilaiza nene, nikate springi, au nianze na kitu kingine?

"Shikamoo mtaalamu. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, gia za mkono, nimeinunua mwaka jana hapa hapa Mwanza. Naishi Nyegezi, kazini kwangu ni mjini, na mwisho wa mwezi huwa nampeleka mama Musoma. Gari lina nguvu, lakini kwenye kona linalala sana, na nikiingia na mwendo pua inakataa: mimi nakata usukani, lenyewe linataka kwenda mbele. Likipita kwenye rasta nasikia linagonga mbele kushoto. Fundi wa kwanza kanishauri nikate springi koili moja na nusu lishuke. Wa pili kasema nifunge stebilaiza nene mbele na nyuma, halitalala tena wala halitapinduka. Rafiki yangu anasema yote hayo ni kupoteza hela, ninunue koiliova, zile shokapu zenye springi zake zinazorekebishwa urefu. Mtandaoni nimeona seti ya stebilaiza za milimita 24 mbele na nyuma. Nimetenga milioni mbili na nusu. Nianze na lipi? Na mama ana matatizo ya mgongo, sitaki safari imtese."

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri, mpaka upande unaogonga umeutaja, na hilo limenirahisishia kazi. Ninachokiona ni malalamiko matatu uliyoyafunga furushi moja, ndiyo maana kila uliyemuuliza amekupa dawa yake. Bodi inalala. Pua inakataa kona. Kuna kitu kinagonga mbele kushoto. Yana uhusiano, lakini kila moja lina chanzo chake. Kuna gari linalolala sana huku limeng'ang'ania lami, na kuna lingine limekaa wima kabisa ila mvua ikidondoka kidogo tu linakwenda mtaroni. Kabla hujatoa hela, tuyatenganishe.

Nianze na kinachogonga, kwa sababu nahisi kinachangia hayo mengine mawili.

Stebilaiza ni chuma cha mviringo kilichokatiza chini ya gari toka upande mmoja hadi wa pili. Katikati kimeshikwa na bushi mbili za mpira, na kila ncha imeungwa na mguu wa gurudumu kwa linki fupi. Bodi ikilala, gurudumu la nje linapanda kuelekea kwenye bodi na la ndani linashuka. Chuma kinasokotwa, na kwa kuwa kinapinga kusokotwa, kinaivuta bodi irudi. Ni springi kama springi nyingine, ila hii inaamka pale tu magurudumu mawili ya ekseli moja yanapotofautiana. Sasa linki ikilegea, au bushi za katikati zikiisha, bodi inalala bure kwanza mpaka ile nafasi iliyolegea iishe, ndipo chuma kianze kazi. Kwenye rasta, gurudumu linapanda na kushuka haraka haraka, na linki iliyokwisha inagonga kila mara. Huo ndio mlio unaousikia, kwa kadiri ninavyoweza kukisia nikiwa mbali. Baadhi ya Impreza za kizazi chako zilitoka kiwandani na linki za mbele za plastiki, na plastiki ya miaka yote hiyo, kwenye vumbi letu na barabara za mawe zinazopanda vilimani, usitegemee iwe nzima.

Mlio kama huo unaweza pia kutoka kwenye bolijointi (kiungo cha duara kinachoshika mguu wa gurudumu kwa chini), bushi ya kontroli amu (mkono wa chini unaounga gurudumu na bodi), au mauntingi ya juu ya shokapu, kwa hiyo usiishie kwenye kukisia. Ila nataka ulione jambo hili: inawezekana kabisa unatafuta stebilaiza nene wakati ile uliyonayo haijafanya kazi sawasawa tangu ulinunue gari.

Sasa tuje kwenye kona yenyewe, ambapo watu wengi hukosea, mafundi hodari wakiwemo. Ukiingia kona, uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, na ukali wa kona. Stebilaiza haimo kwenye hesabu hiyo. Chukua mfano: gari na waliomo ni kilo 1,400, kitovu cha uzito kiko sentimita 50 juu ya ardhi, upana ni mita 1.5, na kona inakusukuma kando kwa nguvu sawa na asilimia 60 ya uzito. Kilo 1,400 mara 0.6 mara 0.5, gawanya kwa 1.5, unapata kilo 280 zilizohamia nje. Funga stebilaiza ya milimita 20, ni kilo 280. Funga ya milimita 30, ni zile zile 280, ukiacha kiasi kidogo kinachotokana na bodi kuegemea. Utaona bodi imesimama zaidi, na moyo wako utatulia, lakini mzigo ulio juu ya tairi za nje haujapungua.

Kinachobadilika ni mgawanyo wa mzigo huo kati ya mbele na nyuma. Fikiria watu wawili waliobeba pipa la maji kwenye mti mmoja begani: ukilisogeza pipa kuelekea kwa wa mbele, wa nyuma anapumua, lakini maji hayajapungua hata kikombe. Stebilaiza ngumu mbele inaifanya ekseli ya mbele ibebe sehemu kubwa ya zile kilo 280, na ngumu nyuma inaitwisha ekseli ya nyuma.

Mgawanyo huo una uzito kwa sababu ya tabia ya mpira wa tairi. Tairi likibebeshwa mzigo mara mbili, mshiko wake unaongezeka, lakini haufiki mara mbili. Ukilinyang'anya tairi la ndani kilo 100 ukazipeleka kwa la nje, mshiko uliopotea ndani ni mkubwa kuliko uliopatikana nje. Kwa hiyo kadiri tairi mbili za ekseli moja zinavyotofautiana mzigo, ndivyo ekseli ile inavyopungukiwa mshiko kwa jumla. Ukikaza mbele, mbele ndiyo inayoteleza kwanza na pua inakataa. Ukikaza nyuma, pua inaingia vizuri zaidi, lakini umesogea karibu na siku ambayo mkia utatoka.

Lipo jambo moja linaloichanganya kanuni hii, na sitaki nikufiche. WRX yako ina mfumo wa miguu ya makifasoni mbele na nyuma, ambapo shokapu ndiyo inayolishikilia gurudumu kwa juu. Katika mfumo huo, bodi ikilala sana tairi nalo linalala, likaanza kukanyaga kwa ukingo wa nje. Kupunguza mlalo kunalisaidia tairi likae bapa, na ndiyo maana wako wenye Subaru waliokaza mbele kidogo wakapata nafuu badala ya hasara. Lakini tairi hilo unaweza kulisimamisha kwa njia isiyo na gharama kubwa, nitaieleza chini.

Lazima pia ujue kwamba tabia ya pua kukataa haikuja kwa bahati mbaya. Injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, karibu asilimia 60 ya uzito iko huko, na kiwanda kikaweka mizani makusudi ili mbele iteleze kabla ya nyuma. Mbele ikiteleza, mtu yeyote kwa silika anaachia mafuta, gari linapungua mwendo na pua inarudi. Mkia ukitoka, silika hiyo hiyo ya kuachia mafuta inauzidisha. Kwa hiyo unapoomba pua iingie zaidi, unaomba upunguziwe akiba ya usalama uliyowekewa. Ni ombi halali, na kwa kiasi kidogo linaligeuza gari hili kuwa raha kubwa kuliendesha. Ila kiasi ndicho kila kitu hapa.

Tukirudi kwenye seti yako ya milimita 24 mbele na nyuma: ugumu wa chuma kinachosokotwa hukua kwa kipenyo kilichojizidisha mara nne. Kutoka milimita 20 kwenda 22, jambo ambalo kwa macho halionekani, ni ongezeko la asilimia 46. Kutoka 20 kwenda 24 ugumu unapita maradufu. Kama chuma kina tundu katikati, ugumu unapungua kiasi: cha milimita 24 chenye tundu la milimita 16 kinabaki na kama asilimia 80 ya ugumu wa kile kizima. Ukikaza mbele maradufu na nyuma maradufu, mizani kati ya mbele na nyuma inabaki karibu pale pale ilipokuwa. Bodi itasimama, pua itaendelea kukataa, na kila shimo la upande mmoja litakuwa linaitingisha cabin nzima. Hutakuwa umejibiwa.

Neno "halitapinduka" linanitia wasiwasi zaidi kuliko yote uliyoambiwa. Kwa vipimo vile nilivyotumia, ili gari la chini kama lako lipinduke kwenye lami tambarare kwa nguvu ya kona peke yake, kona ingebidi ilisukume kando kwa mara moja na nusu ya uzito wake. Tairi za kawaida za barabarani haziwezi kushika kiasi hicho. Zitateleza mapema sana. Magari kama haya hupinduka yakishateleza na kujikwaa: kwenye ukingo wa lami ulioliwa, kwenye udongo laini wa pembeni, kwenye kingo za mtaro au kalavati. Barabara ya Musoma, ukishapita Kisesa na Magu, unajua kuna sehemu bega la barabara liko chini ya lami. Huko, stebilaiza haikuokoi. Kinachokuokoa ni kutotoka barabarani kabisa, na kazi hiyo inafanywa na tairi, shokapu, na mwendo wako.

Kukata springi nakukatalia waziwazi. Springi ikipunguzwa koili inakuwa fupi na ngumu kwa pamoja: yenye koili sita zinazofanya kazi, ukikata moja na nusu, ugumu unapanda kwa theluthi moja. Mwisho uliokatwa haukai tena kwenye kiti chake, na gari likiruka tuta gurudumu likaning'inia, springi inaweza kuhama mahali pake. Wakikata kwa moto wa gesi ndiyo balaa, kwa sababu joto linaharibu ugumu wa chuma karibu na pale palipokatwa. Halafu shokapu ni ile ile, imepangiwa urefu wa zamani, sasa inafanya kazi kwenye kipande kifupi kilichobaki mpaka inagonga mpira wa mwisho. Ikigonga mpira huo katikati ya kona, gurudumu lile linakuwa gumu ghafla na ekseli inaachia bila kukupa taarifa.

Kushusha gari lenyewe kunaleta faida ndogo kuliko watu wanavyodhani. Rudi kwenye hesabu yetu: kitovu cha uzito kikishuka sentimita 3, zile kilo 280 zinakuwa kama 263. Umepata kilo 17. Na kwa mfumo wa makifasoni kuna adhabu: kontroli amu zikianza kuelekea juu upande wa gurudumu, kile kitovu ambacho bodi inalalia kinashuka haraka kuliko gari lenyewe, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala. Wapo walioshusha gari ili lisilale, likaishia kulala zaidi. Chungulia chini gari likiwa limesimama tambarare. Kontroli amu zikiwa zimelala sawa au zimeelekea chini kidogo upande wa gurudumu, uko pazuri.

Ukiwa hapo chini, tazama pia kama aliyekuuzia aliweka spesa juu ya shokapu au mipira katikati ya koili za springi ili gari linyanyuke. Kwetu ni jambo la kawaida sana kwa magari ya Japani yanayopambana na matuta. Kama zipo, huenda nusu ya mlalo unaolalamikia umeipata hapo: umebeba gari juu, na springi zilizofungwa mpira hazifanyi kazi sawasawa. Kuzitoa kunahitaji jioni moja ya fundi.

Kuhusu koiliova, rafiki yako hajakosea kwamba nzuri zipo. Lakini nzuri zinamaliza fedha yako yote na zaidi, na za bei ya chini zina mwendo mfupi, hazina ulinzi dhidi ya vumbi na tope, na nyuzi zake zinashikana kutu kiasi kwamba ile faida ya kurekebisha urefu inapotea. Wengi wanaozitamani wanawaza magari ya mashindano, basi niwakumbushe yaliyotokea kwa jirani zetu: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya kwa Impreza. Magari yaliyoandaliwa kwa Safari yalinyanyuliwa na kuimarishwa, miguu yake ikapewa nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kwa sababu tairi lililo hewani halina mshiko wowote. Barabara zako wewe, kutoka Nyegezi hadi mjini na kutoka Igoma hadi Bunda, zinafanana zaidi na hizo kuliko na uwanja wa mbio wenye lami laini.

Kama gari lingekuwa langu, fedha yako ningeitumia hivi.

Ningeanza na tairi, na hapa sina mjadala. Soma tarehe ubavuni: kwenye maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za mtumba zinazokuja na kashata (meno ya tairi) nzuri huvutia macho, lakini mpira uliokaa miaka kumi umekauka, na kwenye mvua ya ghafla ya ziwani ndipo utakapojua. Zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Gari lako linaendesha magurudumu yote, na mzunguko wa tairi moja ukitofautiana na nyingine kwa zaidi ya kama milimita 6, kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi muda wote na kinachoka mapema. Upepo pima tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi moja ya mbele ikiwa na upepo pungufu inatosha kabisa kuifanya pua ikatae.

Zifuate shokapu. Kuukandamiza mkia kwa mkono na kuhesabu mara unazodunda hakukupi jibu la kuaminika. Shokapu iliyochoka nusu inafaulu mtihani huo. Tafuta mafuta yaliyovuja kwenye mwili wake, pitisha kiganja juu ya tairi uone kama limelika kwa mabonde mabonde, na sikiliza gari baada ya tuta kama linaendelea kupepea. Zibadilishe kwa jozi, mpya, za kiwango cha kawaida cha gari hilo kutoka kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Shokapu ya mtumba ni kamari, maana hujui imetembea wapi. Pamoja nazo badilisha linki zote nne, bushi za stebilaiza, na bushi za kontroli amu kama zimepasuka. Bushi za poliurethani zinadumu na zinabana vizuri, ila zinataka grisi yake maalumu ya silikoni. Zikifungwa kavu zitapiga kelele kila tuta mpaka uzichukie.

Mwambie fundi mambo mawili ambayo mara nyingi hurukwa. Boliti za bushi za kontroli amu zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, siyo likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa likiwa juu, mpira unabaki umesokotwa muda wote na unachanika mapema. Na linki za stebilaiza zifungwe magurudumu ya pande zote mbili yakiwa kwenye kimo kimoja, la sivyo chuma kinakaa kimeshasokotwa hata gari likiwa limeegeshwa.

Kisha alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, na hii ndiyo ile njia isiyo na gharama kubwa niliyoigusia. Boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu ya mbele kwenye mguu wa gurudumu ina kichwa kisicho sawa. Ukiizungusha, tairi linalala ndani au nje. Mwambie wa mashine akupe kemba, yaani mlalo wa tairi, ya nyuzi 1 kuelekea ndani, kulia na kushoto sawa, na tairi za mbele zitazame mbele moja kwa moja bila kuangaliana wala kupeana mgongo. Tairi lililoegemea ndani kidogo, bodi ikilala kwenye kona, linasimama bapa na kukanyaga kwa upana wake wote. Kwa pua inayokataa, mara nyingi marekebisho haya yanatoa nafuu kubwa kuliko chuma chochote cha kununua. Usiogope kwamba yatakula tairi. Kinachokula tairi haraka ni zile zinazoangaliana vibaya, na hilo mashine inalitengeneza hapo hapo.

Liendeshe hivyo mwezi mzima, safari ya Musoma ikiwemo. Na nikuombe kitu kuhusu mkono wako mwenyewe, kwa nia njema: punguza mwendo kabla ya kona, breki zimalizike kabla hujakata usukani, kisha ingia na gesi ndogo. Umeandika kwamba pua inakataa "nikiingia na mwendo". Ukikata usukani zaidi tairi ikiwa imeshateleza, unaongeza kuteleza. Legeza usukani kidogo, litashika.

Baada ya hapo, kama bado unaona pua ni nzito na fedha imebaki, nunua stebilaiza ya nyuma peke yake, na panda hatua moja tu. Pima uliyonayo kwa kalipa sehemu iliyonyooka, baada ya kusugua tope na rangi, maana matoleo yanatofautiana na tangazo la mtandaoni halijui gari lako. Ukikuta 20, tafuta 22. Whiteline na Cusco wanatengeneza za gari hili, baadhi zikiwa na matundu mawili au matatu kila ncha. Tundu lililo karibu na kona ya chuma linafupisha mkono na kuongeza ugumu, kwa hiyo anza na lile la mwisho kabisa, laini. Kumbuka pia kwamba vishikio vya stebilaiza ya nyuma kwenye Impreza za kizazi hiki vinajulikana kwa kupinda na hata kuvunjika vikibebeshwa chuma kinene. Vipo vilivyoimarishwa, vinunue pamoja. Ile ya mbele iache ya kiwandani.

Ukishaifunga, usiijaribu kwenye kona za Capri Point wala barabara kuu. Tafuta kiwanja kikubwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, pasiwe na watu, mwendo mdogo, kavu kwanza na baadaye pakiwa pamelowa, ili mwili wako ujue mkia unavyoanza kusogea kabla hujakutana nao kwenye mvua ukiwa na abiria. Kaza nati upya baada ya wiki. Na kama una bima kubwa, waandikie kampuni ya bima kwamba umebadilisha kifaa hicho. Kukaa kimya kunaweza kukugharimu siku ya madai.

Mama sasa. Kwenye tuta lililokatiza barabara nzima, ukilipanda wima magurudumu yote mawili yanainuka pamoja, stebilaiza haisokotwi, na mama hatahisi tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye shimo la upande mmoja na kwenye barabara za mawe: chuma kinene kinalipeleka pigo la kushoto mpaka kulia, na kichwa cha abiria kinayumba huku na huku. Mwenye mgongo mbovu huumizwa sana na kuyumba huko. Hatua moja nyuma ataivumilia. Ile seti ya 24 na 24 ningemwonea huruma. Shokapu mpya zitamsaidia kuliko chochote, na kama gari limefungwa rimu za 17 zenye tairi za 215/45, rimu za 16 zenye tairi za 205/55 zina kimo kinachokaribiana sana na ubavu mnene zaidi wa mpira. Hakikisha tu rimu inapita juu ya breki zako kabla ya kulipa.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, na usiyaamue mwenyewe. Gurudumu la mbele likinyanyuliwa juu, ukalishika juu na chini ukalitikisa, likacheza. Mlio ukisikika hata unapofunga breki au kugeuza usukani gari likiwa limesimama. Gari likivuta upande mmoja. Ukiona ufa au kutu iliyokula chuma pale kontroli amu au stebilaiza inaposhikwa. Ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi: hapo gari liende gereji yenye shimo au lifti, kwa fundi wa miguu ya gari, kabla ya safari nyingine yoyote ya mbali. Bolijointi ikichomoka mwendo wa 80, gurudumu linalala na usukani unabaki pambo. Mama apande basi mwezi huo.

Lipeleke kwanza likaguliwe hiyo mbele kushoto. Ukishapata karatasi ya alaimenti, ya kabla na ya baada, niandikie namba zake pamoja na unene wa stebilaiza ulioupima mbele na nyuma, tarehe za tairi zako, na kama ulikuta spesa. Hapo nitaweza kukuambia kama hiyo milimita 22 ya nyuma inakufaa au fedha yako ikae benki.